Muulize Mpima Kina: ukuta wa Bamburi, bwawa la Mwache, na kurabu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maji. Sishangai. Mtu aliyekesha akichota maji sebuleni kwa kopo la rangi hawezi kuniuliza habari za kuandama kwa mwezi. Kwa wasomaji wapya: nilifanya kazi bandarini miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo nikipima kina cha mkondo wa Kilindini, mwanzo kwa bildi na kamba, baadaye kwa mashine ya mwangwi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaambia wenye meli ya kuchimba ni wapi wamefukua na ni wapi bahari imefukia tena. Nimeoa na nimesomesha watoto kwa mshahara wa kubishana na bahari. Atakayeniita adui wa maendeleo alijue hilo kwanza.

*

Shikamoo mzee. Sisi ni familia ya Bamburi. Marehemu babu alituachia kiwanja kinachopakana na ufuo. Jirani wa upande wa kusini alijenga ukuta wa mawe na zege mwaka juzi. Tangu hapo, kila kusi likishika bahari inakula kwetu. Minazi mitatu imeanguka na mvinje mkubwa mizizi iko nje. Fundi anatwambia tujenge ukuta wetu, mrefu kuliko wa jirani, na tumeshaanza kuchanga. Ukuta ukiisha tunataka kuweka vyumba vinane vya kupangisha wageni mbele pale, kwenye mandhari. Tujenge?
Kijana wa Bamburi

Marahaba mwanangu. Mwambie fundi asubiri, na pesa mlizochanga ziwekeni mahali ambapo hatazisikia harufu.

Kwanza ujue kwamba mchanga wenu ni msafiri. Kusi likishika, mawimbi huja mshazari kutoka kusini-mashariki na kuusukuma mchanga kwenda kaskazini, kuelekea Shanzu. Kaskazi likiingia, sehemu ya mchanga hurudishwa. Ndiyo maana ufuo wa Bamburi una miezi ya kunenepa na miezi ya kukonda, na ndiyo maana wazee hawakujenga kitu cha thamani pale mbele. Mbele paliachiwa ngalawa na minazi. Babu yenu alijua analolifanya.

Na mchanga huo hauna mama mwingine ila mwamba ule mnaouona unatoka povu kule nje. Ni matumbawe yaliyosagika, magamba, na choo cha pono. Usicheke. Huyu pono ambaye sisi tunamjua kwa usingizi tu, mchana kutwa yuko kazini: anayatafuna matumbawe, anakula kilichoota juu yake, na jiwe lililosagika analitoa nyuma likiwa mchanga. Wageni wanaolipa dola kulala juu yake hawaambiwi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na mengi yakafa. Mwamba ulio hai hujijenga wenyewe, uliokufa humong'onyoka. Kadiri unavyoshuka, ndivyo wimbi linavyouvuka na nguvu zake zote, na ndivyo mchanga mpya unavyopungua. Kwa hivyo ufuo wenu una shida mbili zilizokutana, na jirani ni moja tu kati yake. Usimtukane kwa zote.

Sasa ukuta. Wimbi likipanda juu ya mteremko wa mchanga huchoka, huacha mzigo wake na kurudi taratibu. Likipiga ukuta uliosimama wima halichoki. Linarudi na nguvu ile ile, na linaporudi linachimba chini ya miguu ya ukuta. Angalieni kwa jirani maji yakikupwa: mchanga mbele ya ukuta wake umeshuka, naamini utafika gotini kama haujafika. Na pale ukuta unapoishia, wimbi linapinda kona na kula ardhi iliyo wazi. Kona hiyo ndiyo kiwanja chenu. Mkijenga na nyinyi, kona itahamia kwa anayefuata kaskazini, naye atamwita fundi yule yule. Sisemi fundi ana mpango huo, ila nimeona mafundi wakila pwani moja kuanzia mwisho huu hadi mwisho ule.

Si kwamba nachukia kila ukuta. Fort Jesus imekaa juu ya jiwe la matumbawe tangu miaka ya 1590, na bahari ilikuwa inalichimba jiwe lile kwa chini. Walipojenga ukuta wa kuikinga nilisikia lawama nyingi, na za wavuvi zilikuwa na haki ndani yake, lakini ngome huwezi kuibeba mgongoni ukaihamishia Kisauni. Bandari nayo lazima iwe kwenye maji. Vyumba vinane vya wageni vinahamishika, tena vingali kwenye karatasi.

Hivyo vyumba ndivyo vinavyonitia hofu kuliko ukuta. Nitakupa kisa cha kwangu, ingawa kinanifedhehesha.

Mwaka 1997, zile mvua za El Niño, tulikuwa tunaishi Mikindani, kwenye mteremko. Kila mvua maji yalishuka kutoka juu, yakapita uani kwetu mapana na membamba, yakilowesha kila kitu na kuondoka. Chumba cha nyuma hatukukitumia kwa sababu hiyo. Basi mimi na ndugu yangu, mpima kina na fundi seremala, tukaona tumekuwa mabingwa. Tukachukua mawe ya matumbawe na mifuko miwili ya saruji, tukajenga ukuta wa kufika kiunoni kukata njia ya maji. Usiku wa kwanza ulishika. Usiku wa pili ulishika. Tulikunywa chai tukiusifu, na mke wangu akahamishia magodoro ya watoto chumba cha nyuma, maana sasa kilikuwa kikavu. Usiku wa tatu maji yaliyokuwa yakipita membamba yalikuwa yamerundikana nyuma ya ukuta kama dimbwi la kuogea ng'ombe. Ukuta haukuvuja. Ulilala chini wote kwa mara moja. Maji yakaingia chumba cha nyuma, yakatoka upande wa pili na mlango mkononi, yakaingia kwa jirani yetu, mama muuza mahamri, yakachukua jiko lake, gunia la unga na mbuzi wawili. Watoto wetu usiku huo walikuwa wamelala kwa bibi yao. Hakuna aliyepanga hivyo.

Yule mama hakunishtaki. Alinilipiza kwa njia yake: miaka yote iliyofuata, kila asubuhi nikienda kununua mahamri, aliniuliza mbele ya watu, "Leo umejenga nini, fundi?"

Maji yale yangekuja bila ukuta pia. Lakini bila ukuta yasingekuta godoro chumba cha nyuma. Kule Japani kuna mji mdogo wa pwani uitwao Taro. Tsunami iliuangamiza mwaka 1896, ikarudi 1933. Wakaamua kujenga ukuta, wakaujenga kwa miaka mingi, zege lenye kimo cha mita 10, watu wakatoka nchi nyingine kuja kuutazama. Nyumba zikasogea karibu na bahari, mpaka kwenye ardhi ambayo hapo awali ilikuwa upande usio na kinga. Machi 2011 wimbi lilipita juu ya ukuta. Wako waliopona kwa kukimbilia mlimani mara tu ardhi ilipotikisika, na wako waliobaki majumbani kwa kuutegemea ukuta, na kwa sababu ukuta wenyewe uliwaziba macho wasione bahari inakuja.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Vyumba virudisheni nyuma, kando ya barabara. Mgeni atatembea dakika mbili kwenda baharini, hatakufa. Mbele acheni pawe na mteremko, na ule mtambaazi wa maua ya zambarau unaotambaa juu ya mchanga msiung'oe mkidhani ni uchafu, maana ndio unaoshika. Atakayewauzia miche ya mikoko mpande pale mfukuzeni. Mkoko, mchu, mlilana, yote hiyo ni miti ya hori na maji tulivu. Gazi wameipanda na kuitunza vizuri, hata wanauza hewa ukaa tangu miaka ya 2010 kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, lakini Gazi ni ghuba. Bamburi wimbi litaing'oa kabla ya Ijumaa. Na kabla ya jiwe lolote ulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, kama jirani alikuwa na kibali cha ule wa kwake, kwa upole, mkiwa wenye viwanja watatu au wanne pamoja. Mtu mmoja akienda huitwa mgomvi.

*

Salaam aleikum baba. Nimeolewa na mtu wa Kinango, na jamaa za mume wangu wanalima bondeni, chini ya panapojengwa bwawa la Mwache. Mimi mwenyewe nakaa Changamwe na nimechoka kununua maji ya mkokoteni, mitungi ishirini kwa wiki, kwa hivyo bwawa nalitaka. Lakini tangu Solai kila nikisikia neno bwawa moyo unanienda mbio. Linaweza kupasuka?
Mama wa watoto wanne

Waaleikum salaam mama. Nashukuru umesema yote mawili, kwamba unalitaka na unaliogopa. Wengi wanaoniandikia huchagua moja.

Bwawa tunalihitaji. Mombasa inakunywa maji ya Mzima, kule Tsavo, yaliyoletwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950, wakati mji huu ulikuwa mdogo kiasi cha kujuana. Mitungi yako ishirini ndiyo ushahidi kwamba bomba lile limezidiwa.

Na ndiyo, bwawa lolote linaweza kushindwa. Swali lenye faida ni kwa njia gani. Watu hudhani ni ukuta kupata ufa. Acha nikupeleke Italia. Bwawa la Vajont lilikuwa na ukuta wa mita 262, kati ya mirefu zaidi duniani wakati huo. Mlima ulio pembeni yake, Monte Toc, ulianza kuteleza kuelekea majini, na mainjinia waliona. Wakafikiri wanaweza kuuendesha mlima kama unavyomwendesha punda: wakipandisha maji uteleze kidogo, wakishusha usimame, mpaka ushuke polepole na ukae. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa mlima ulishuka wote ndani ya bwawa. Maji yakaruka juu ya ukuta na kuufuta mji wa Longarone uliokuwa chini. Walikufa watu karibu 2,000. Ukuta wenyewe haukuvunjika, umesimama mpaka leo. Kama ungeniuliza wakati huo kama bwawa lile litapasuka, ningekwambia hapana, na ningekuwa sahihi.

Solai ilikuwa namna nyingine. Lilikuwa bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi, Kaunti ya Nakuru, lililokuwa juu ya watu. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, baada ya mvua ndefu, lilikatika na kuua watu 48. Hapo hakukuwa na mlima wala hesabu ngumu. Kulikuwa na ukuta wa udongo, maji mengi, na watu waliokuwa wakilala chini yake.

Derna, Libya, ndiyo inayofanana zaidi na hofu yako. Mabwawa mawili yalijengwa miaka ya 1970 ili kuukinga mji na mafuriko ya bonde linalopita katikati yake. Mji ukajisikia salama ukajaa mpaka kingo za bonde. Mabwawa yakakosa matunzo. Septemba 2023 ikaja dhoruba iliyoitwa Daniel, yakakatika yote mawili usiku mmoja, na mitaa mizima ikasukumwa baharini pamoja na watu waliokuwa vitandani. Walikufa maelfu.

Halafu kuna lile bwawa ambalo hakuna aliyelijenga. Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalivunja usiku na kuua makumi ya watu, na asubuhi kila redio ilisema bwawa limepasuka. Walipokwenda kuangalia, hapakuwa na bwawa. Palikuwa na tuta la reli ya zamani lenye kalvati chini yake. Magogo na matope yaliziba kalvati, maji yakajaa nyuma ya tuta kama yalivyojaa nyuma ya ukuta wangu wa Mikindani, kisha yakatoka. Tangu siku ile, nikipita barabara iliyoinuliwa juu ya bonde lolote pwani hii, huinama kutazama kalvati. Mara nyingi naona magodoro yamekwama ndani na chupa za plastiki. Mjukuu wangu huona haya nikisimamisha tuktuk kwa ajili hiyo.

Sasa la kufanya, mama. Mume wako na jamaa zake wakienda barazani kwa chifu wasiulize kama bwawa ni imara. Wataambiwa ni imara. Waulize maji ya ziada yatatokea wapi mvua ikizidi, na yakitokea yatafika shamba la nani kwanza. Waulize king'ora kitawekwa wapi, nani atakilinda usiku, na kikilia watu wakimbilie kilima gani. Waombe ramani ya bonde iliyochorwa hadi pale maji yatakapofika, ibandikwe shuleni na msikitini, isibaki ofisini. Hayo yana majibu ya wazi, na asiyeweza kuyajibu atajulikana.

Waulize pia habari ya tope. Baada ya zile mvua za 1997 na 1998 nilipita kwa mashua ndani ya hori la Mwache. Mto ulikuwa umeshusha udongo mwekundu wa mashamba ya juu mpaka ukaizika mizizi ya kupumulia ya mikoko. Miti ilikufa imesimama, ya kijivu, eka kwa eka, kimya kabisa, hata ndege hawakutua. Udongo ule ule sasa utakutana na ukuta unaopangwa kupita mita 80 kwa kimo, na utatulia nyuma yake. Bwawa lililojaa tope hubeba maji machache na huzidiwa upesi. Kama huko juu watu wataendelea kukata mkaa na kulima mteremko bila makinga, ukuta utafanya kazi ya kuhifadhi udongo.

Na neno moja kwa jamaa zako, ulifikishe kwa adabu. Bwawa likikamilika, mafuriko madogo ya kila mwaka yatapungua. Bonde litakauka, litapendeza, atatokea mtu wa kuuza viwanja kule chini kwa bei nafuu. Wapokomo wa mto Tana walilima mpunga na ndizi kwa kuyategemea mafuriko, wakijua yanapofika na yanapoishia. Mto usiofurika miaka kumi huwasahaulisha watu mpaka wake. Walime bondeni, walale juu.

*

Mzee, tangu wavunje ile njia ya Makupa na kuweka daraja, maji yanapita tena. Mimi mvuvi wa Tudor nimefurahi. Wewe unaonaje?
Mvuvi

Nami nimefurahi, na nimefurahi zaidi umeandika, maana watu hawaandiki wakiwa na furaha. Kwa miaka mingi tuliyakata maji ya hori la Tudor yasikutane na ya Port Reitz kwa tuta moja la mawe na udongo, kisha tukashangaa mbona Makupa inanuka. Daraja lilipofunguliwa 2022 bahari ilipita bila kuuliza yaliyopita. Ni mara chache nimeona watu wakifumua walichokifuma. Angalia tu mkondo mpya unavyochimba miguuni mwa nguzo, na kama unatega nyavu pale usisogee karibu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu.

*

Assalaam aleikum. Kila mwezi unawatia watu hofu. Maji yaliyoandikwa kuja yatakuja. Tsunami ya 2004 nani aliizuia? Mwachie Mungu kazi yake.
Mzee mwenzako, Kibokoni

Waaleikum salaam, sheikh wangu. Hakuna aliyeizuia, hapo tuko pamoja. Ila Jumapili ile, tarehe 26 Desemba, nilikuwa zamu. Tetemeko lilitokea Sumatra alfajiri ya kwetu, na wimbi lilikuwa na bahari nzima ya kuvuka, kwa hivyo habari zilifika kabla yake. Polisi waliwatoa watu ufuoni, siku ya pili ya Krismasi, pwani imejaa watu kama maandazi ndani ya karai, na wengi wakinung'unika. Ndani ya Kilindini niliyaona maji yakitoka na kurudi mara kadhaa bila kufuata saa zake, kamba za meli zikilia gatini. Katika miaka yote ya kupima sikuwahi kuona bahari ikikosea saa. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, na bahati yetu maji hayakuwa yamejaa. Yangekuwa yamejaa pomoni pengine nisingekuwa na safu hii.

Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, iliyokuwa mbele zaidi ya wimbi na isiyokuwa na serikali ya kuwaita watu watoke, ilipoteza karibu 300. Hadithi ya yule mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha atawakali umeitoa wewe mwenyewe barazani mara nyingi, nami nikiwa nimekaa kulia kwako, kwa hivyo sikurudishii.

*

Babu, rafiki zangu shuleni wanasema Dubai wanatengeneza mvua kwa ndege. Kwa nini wasitumie ndege hizo kuzuia vimbunga?
Mwanafunzi wa Tononoka

Walijaribu, mjukuu wangu, tena si Dubai. Oktoba 1947 Wamarekani walimwaga barafu kavu ndani ya kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini. Kimbunga kikageuka, kikapiga pwani ya Georgia. Watu wakataka kushtaki. Baadaye ilionekana kilikuwa kimeshaanza kugeuka chenyewe, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyepoteza paa. Wakarudia kwa mpango mwingine, Stormfury, kuanzia 1962 hadi 1983, kisha wakaacha, kwa kuwa hawakuweza kutofautisha mabadiliko waliyoyasababisha na yale ambayo kimbunga hufanya chenyewe. Hao wa Dubai hukamua wingu ambalo tayari lina maji. Wingu lisipokuwepo, ndege inarudi nyumbani. Soma fizikia uje unieleze zaidi.

*

Mzee, nauza viazi karai na samaki wa kukaanga karibu na Marikiti. Hawa kurabu, yaani kunguru, wamenishinda. Jana mmoja amenyakua kipande mkononi mwa mteja. Serikali ilisema itawapa sumu. Itafaa?
Muuza viazi

Bibi, hao unaopigana nao waliletwa. Waliachiwa Zanzibar miaka ya 1890, kutoka Bara Hindi, ili wale taka za mji. Mtu alikaa kwenye kiti chake akaona ametatua tatizo la usafi bila kuajiri mfagiaji hata mmoja. Miaka ya 1940 walikuwa wameshafika Mombasa, na tangu hapo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine wote. Watoto wa siku hizi wa Mji wa Kale ndege wanaomjua ni huyu na njiwa.

Si wao peke yao. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Wakampata, na aina nyingi za furu zikapotea tumboni mwake. Mathenge, mti wa miiba, ulipandwa Baringo na Tana River miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Umezuia jangwa, na umezuia pia malisho, njia na mito. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walimpeleka mbuzi mahakamani Nairobi, wakamfungua kinywa mbele ya majaji waone alivyong'oka meno kwa maganda yale matamu. Kesi nzuri kuliko hiyo sijaisikia, na shahidi alikuwa mkweli.

Serikali ilipotangaza 2024 kwamba itawaua kurabu milioni moja kwa sumu sikulia. Iko sumu inayowaua wao na kuwaacha wengine wengi, ikiwekwa na watu wanaojua. Usithubutu kununua ya panya ukajiwekea mwenyewe, utaua paka wa mtaa mzima na pengine mteja. Lakini walikuja kwa ajili ya taka, na taka zimebaki, tena zimezidi. Wakifa milioni na jalala likabaki wazi, waliobaki watataga kwa raha.

Kwa sasa funika karai kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na magamba na matumbo ya samaki usiyamwage nyuma ya banda. Mimi nilipoacha kumwaga ya kwangu nyuma ya nyumba, kurabu walitoka ishirini wakabaki wawili, na hao naona ni wa jirani.